Nguzo ya Dirishani kwa Bi Zuhura

Wiki iliyopita, siku ya kustaafu kwangu, nilirudisha vifaa stoo hapa Lindi: mkanda wa kupandia nguzo, nyundo, plaizi, panga, na ile simu ya kubeba begani ambayo ilinichubua bega la kushoto mpaka likaota ngozi ya kobe. Kijana wa stoo akavihesabu, akasema, "Vimetimia, mzee." Nikavihesabu tena mbele yake. Akakunja uso, akidhani simwamini. Sivyo. Mimi hata watoto wangu, walipokuwa wadogo na wamelala, nilikuwa nawahesabu mara mbili, na hakuna aliyewahi kuongezeka.

Nilipokuwa natoka akaniuliza, "Mzee Athumani, ni kweli uliwahi kumaliza laini yote ya Kilwa na Lindi kwa miguu?" Nikafungua mdomo kusema ndiyo, nikaufunga. Swali hilo si la kujibiwa mtu akiwa amesimama mlangoni. Ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa ajili yake na nyinyi wenzake mlioingia kazini juzi.

Enzi zetu simu ilikuwa ni waya juu ya nguzo za miti, nao ulikuwa ukitoka Kilwa Masoko, ukapanda hadi Nangurukuru, ukageuka kusini kwa Kiranjeranje, ukavuka mto Mbwemkuru, ukapita Mchinga na Mitwero, ukaingia Lindi. Ukikatika mahali, hakukuwa na chombo cha kukuambia ni wapi. Chombo kilikuwa ni wewe. Unavaa viatu, unaufuata waya mpaka ulipokatikia. Mara tembo amejikuna kwenye nguzo ikalala. Mara mtu amekata kipande cha waya akatege kanga, na ukimkuta naye anakuuliza kwa nini mmeuweka juu namna ile kama hamtaki watu wautumie.

Kazi iligawanywa. Sisi wa Kilwa tulikuwa tunaishia Mbwemkuru, na wenzetu wa Lindi wanaanzia ng'ambo ya pili. Kwa hiyo mtu aliweza kuzeeka na kazi hii akaijua nusu tu, na watu wa namna hiyo walikuwa wengi, na walikuwa na furaha zao.

Mimi niliingia baada ya Uhuru, bendera ofisini bado ina mikunjo ya kutoka dukani. Kabla ya hapo nilikuwa nauza samaki Kilwa Kivinje. Mkuu wetu wa kwanza alinipata sokoni. Tulibishana juu ya changu mmoja tangu asubuhi mpaka yule samaki akaanza kutuangalia vibaya. Mwishowe akasema, "Mtu anayeweza kusimama juani muda wote huu kwa samaki mmoja, ananifaa." Akanichukua mimi, samaki akamwacha. Jina la Dalali lilinifuata kutoka sokoni na halikuniacha tena.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Fundi Nassoro. Huyu alikuwa Mmwera wa kule Rondo, mrefu, mkavu, miguu myembamba kama ya korongo, na alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kudai mahari. Mimi nilitaka kupanda nguzo, maana nilikuwa nimeona mafundi wanavyoangaliwa na wasichana wakiwa juu. Yeye akanipa nyundo.

"Leo unagonga tu," akasema. "Nguzo nzima inajibu ko. Iliyoliwa na mchwa inajibu bu."

"Na ya katikati, Fundi?"

"Katikati hakuna."

"Kila biashara ina katikati yake."

"Hii si biashara. Ukipanda juu ya bu, ardhi ndiyo itakayokutajia bei."

Basi nikajifunza kugonga. Unagonga usawa wa goti, unazunguka nguzo nzima, na upande wa kivulini unagonga zaidi kwa sababu mchwa naye hapendi jua. Kisha unafukua udongo kiasi cha kiganja, maana uozo huanzia pale mti unapokutana na ardhi, na juu ya ardhi nguzo inaweza kukudanganya kama bwana harusi. Upepo ukivuma usitege sikio kwenye nguzo, waya unaimba na unaficha ubovu. Haya hayakuandikwa mahali, ila Fundi Nassoro alikuwa akiyasema kila siku kwa maneno yaleyale, mpaka nikawa nayasema usingizini, mke wangu akaniuliza huyo Bu ni nani.

Sasa nije kwenye gurudumu.

Lindi, nyuma ya jengo letu la simu, kulikuwa na banda la mafundi. Katikati ya banda lilikuwepo gurudumu kubwa la mbao, la namna ile ambayo waya mpya huletwa ukiwa umezungushiwa. Waya wake uliisha zamani, gurudumu likalazwa chini likawa kiti. Lakini si kiti cha kila mtu. Alikuwa analikalia fundi aliyemaliza laini: yaani ametoka Masoko hadi Lindi kwa safari moja na kugonga kila nguzo iliyoko katikati. Wengine wote walikunywa chai juu ya ndoo zilizofudikizwa. Siku moja alikuja mkubwa fulani kutoka Dar es Salaam, akaenda moja kwa moja kukaa pale. Watu wakakosa pa kuangalia. Aliyeokoa jahazi ni Bi Zuhura. "Samahani bwana," akasema, "hapo rangi bado mbichi." Gurudumu halikuwahi kuona rangi tangu liumbwe.

Bi Zuhura ndiye aliyekuwa mwenye mitambo ya kuunganisha simu pale Lindi. Sisi porini tulimjua kwa sauti kabla ya sura. Ukitundika nyaya za simu ya begani juu ya laini na kuzungusha mkono wake, unasikia, "Lindi hapa, sema, na usipige kelele, mimi si kiziwi." Dirisha lake lilitazama nguzo ya mwisho, ambayo waya ulitoka kwake ukaingia ndani. Fundi aliyefika kutoka safari ndefu alikuwa anakwenda kwenye nguzo ile, anaipiga kofi kama unavyompiga rafiki begani, anasema, "Assalaam alaykum, Lindi." Bi Zuhura anaitika dirishani, "Waalaykum salaam, chai ipo." Hapo safari imekwisha. Kila aliyemaliza laini alimaliza namna hiyo, na mimi nilikuwa na hamu ya kofi lile kuliko cheo chochote.

Fundi Nassoro akahamishiwa Lindi kuwa mnyapara wa mafundi. Nami nikaomba ruhusa ya kuitembea laini yote. Niliomba masika, kwa ujanja, kwa sababu masika hakuna mwingine aliyeomba. Nilipofika Mbwemkuru mto ulikuwa umetoka kwenye kingo zake, bonde lote maji, na nguzo zimesimama ndani yake kama watu waliosahauliwa kuitwa. Nikamtafuta mwenye mtumbwi, mzee mmoja anaitwa Makopa, akanivusha pale palipokuwa pembamba. Nguzo za bondeni niliziangalia kwa mbali, moja moja, nikazikuta zimenyooka. Nikaendelea. Nikafika Lindi, nikapiga kofi langu, nikaitikiwa, nikaenda bandani nikiwa tayari nimeshachagua upande wa kukaa.

Fundi Nassoro alikuwa juu ya gurudumu, anapuliza chai.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Za bondeni umezigonga?"

"Zipo ndani ya maji. Nimeziona zote, zimesimama vizuri."

"Hata mwezi unauona. Umeshaugonga?"

Nikaona hapa pana mazungumzo. "Basi tukate katikati, Fundi. Nguzo nyingi nimezigonga, chache nimeziona. Nikae nusu. Tako moja."

"Na la pili litakaa wapi?"

"Hewani, likingoja kiangazi."

Bi Zuhura alicheka huko ndani mpaka akamkatia mtu simu. Fundi Nassoro hakucheka. Akanisogezea ndoo kwa mguu. "Yakae yote hapa," akasema, "yasije yakagombana."

Mwaka mzima, kila nilipotumwa Lindi, nilikaa juu ya ndoo ile. Masika iliyofuata nikaomba tena. Wenzangu walisema nimepungukiwa, ningojee ardhi ikauke. Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Nilipofika Mbwemkuru nikamwita Mzee Makopa.

"Ng'ambo?" akauliza.

"Si ng'ambo. Nipeleke kwenye nguzo ile. Halafu ile ya pili yake. Halafu inayofuata. Mpaka ziishe."

"Kuna nini huko?"

"Nguzo."

Akaniangalia sana. "Kwenu wanajua kama umetoka?"

Tulibishana juu ya ujira wake, na alichotaka si pesa. Alitaka kuongea kwenye simu, kwa kuwa alikuwa amekaa chini ya waya ule miaka na hajawahi kusikia kilichomo. Nikatundika nyaya kwenye laini, nikazungusha, nikampa.

"Lindi hapa, sema."

"Ni mimi!" Mzee Makopa akapiga kelele. "Mimi Makopa! Nipo ndani ya mtumbwi!"

"Basi usisimame, babu," Bi Zuhura akamjibu, "utazama."

Alifurahi siku nzima, akawa anawasimulia viboko wa mtoni maneno hayo. Kugonga nguzo ukiwa mtumbwini ni kazi ya namna yake. Kila pigo linakusukuma nyuma, kwa hiyo ikabidi Mzee Makopa aikumbatie nguzo huku mimi nikigonga juu ya kichwa chake, na akawa anauliza kila mara kama nina hakika na shabaha yangu. Nguzo za bonde zote zilijibu ko, isipokuwa moja, nikaifunga kitambaa ili wenzangu waibadilishe maji yakipungua.

Nilipofika Lindi Fundi Nassoro aliuliza swali jingine. "Pale bondeni, miguu yako ilikuwa wapi?"

"Ndani ya mtumbwi."

"Na mkono?"

"Kwenye nguzo."

Akanywa chai yake yote kabla ya kusema. Watu wote bandani wakangoja naye. Kisha akasema, "Kanuni ni ya mkono. Kaa."

Nikakaa. Nikaruka. Upande ule palikuwa na msumari. Banda zima likaangua kicheko, maana wote waliomaliza laini walikuwa wanaujua msumari ule na hakuna aliyewahi kumwambia mgeni. Nikahamishiwa Lindi baada ya hapo, na kwa miaka kadhaa nikanywa chai nikiwa nimeinama upande mmoja, mtu mwenye raha zake.

Ndipo vikaja vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wametawanyika huko ndani, huyu na mikorosho yake, yule na kisima chake, wakaambiwa wasogee barabarani wakae pamoja. Wakasogea, wengine kwa hiari na wengine kwa lori. Laini nayo ikafuata watu. Tuling'oa nguzo za porini na kusimika mpya kando ya barabara, kipande kwa kipande, kwa miaka. Ilikuwa kazi nzuri na ngumu. Tulikula kwenye mashamba ya kijiji, mihogo ilikuwa ya wote ingawa siku zote palikuwa na mama mmoja aliyejua kila muhogo ulikuwa wa nani. Tukisimika nguzo mbele ya nyumba mpya, mwenye nyumba anauliza simu yake itafika lini. Tukirudi wiki ya pili tunakuta amefunga mbuzi kwenye nguzo.

Nguzo pekee ambayo haikuhama kutoka mwanzo wa laini hadi mwisho ni ile ya dirishani kwa Bi Zuhura, kwa kuwa dirisha halikuhama.

Siku laini mpya ilipounganishwa tulikuwa bandani, tumechoka na tumefurahi. Mimi nikatia mdomo wangu. "Fundi," nikasema, "ile laini tuliyoimaliza mimi na wewe sasa hivi ni kuni za watu. Sasa sisi hapa tunakalia nini?"

Ulikuwa mzaha. Lakini Fundi Nassoro akaweka kikombe chini, akateremka kutoka kwenye gurudumu, akavuta ndoo, akakaa. Na kwa kuwa yeye ameshuka, nani angebaki juu? Tukateremka wote. Gurudumu likabaki tupu katikati yetu, kila mtu na ndoo yake, chai ikawa haina ladha.

Bi Zuhura alinishika nje. "Wewe Athumani na mdomo wako wa Kivinje. Mzee wa watu anastaafu mwisho wa kiangazi hiki. Alikuwa aondoke akiwa amekaa pale pake. Sasa ataondokea kwenye ndoo, kwa sababu yako."

"Nilikuwa natania, dada."

"Basi nenda kataniane naye njiani. Ameshaomba ruhusa ya kuitembea laini mpya yote. Na goti lile umeliona."

Goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu siku alipodondoka kwenye nguzo huko Kiranjeranje. Asubuhi alikuwa analipaka mafuta ya nyonyo na kulifunga kitambaa, na akipanda ngazi unasikia linavyolalamika. Watu bandani walimsihi. Akawajibu kwamba hawezi kustaafu kutoka kwenye laini ambayo hajaimaliza, ni kama kuondoka nyumbani mlango ukiwa wazi. Wakaniangalia mimi. Nikaenda kufunga virago.

Tulianzia Masoko kama inavyopasa. Nilibeba kila kitu, yeye alibeba nyundo. Yeye agonge, mimi nikate mitambaazi iliyoparamia nguzo, nipande, nibadilishe vile vikombe vya kaure vya kushikia waya vilivyopasuka. Siku za mwanzo alikuwa mwepesi kuliko mimi. Tulipofika Mbwemkuru bonde lilikuwa kavu, na Mzee Makopa, ambaye naye sasa alikuwa mzee wa kweli, alitoka kutuamkia akiwa amekasirika. "Mmekuja wakati hakuna maji. Sasa nitawavusha nini?" Fundi Nassoro akamwambia atuvushe kwa maneno. Akatusindikiza hadi ng'ambo akisimulia habari za simu yake.

Baada ya Mchinga goti likaanza kuvimba. Tukawa tunapumzika kila nguzo, halafu tunapumzika katikati ya nguzo na nguzo. Malori yalisimama, madereva walitujua. "Mzee, panda." "Sipandi." "Dalali, mwambie." "Mimi nilishamwambia jambo moja mwaka huu, linatosha."

Mitwero goti liligoma kabisa. Aligonga nguzo iliyo mwanzoni mwa kijiji, ikajibu ko, akakaa chini yake, na alipotaka kuinuka mguu ukakataa. Lindi ilikuwa hapo mbele, karibu kiasi cha kunusa samaki wakikaangwa. Akajaribu tena. Nikaona mdomo wake unatetemeka, nikageuka kuangalia barabara ili asijue nimeona. Nikatundika nyaya, nikazungusha simu.

"Lindi hapa. Mko wapi? Chai nimeichemsha mara ya pili."

"Mitwero. Goti limekataa."

Akasema taratibu, "Nitume gari?"

"Lisije!" Fundi Nassoro akasema kutoka chini.

"Anasema—"

"Nimemsikia. Sauti yake haihitaji waya."

Nikafunga simu, nikachuchumaa mbele yake. "Fundi, tuongee."

"Sitaki biashara zako."

"Hii si biashara, ni kumbukumbu. Masika ile, pale bondeni, miguu yangu ilikuwa wapi?"

Akashika kitambaa cha goti, akakikaza.

"Mtumbwini. Ukanywa chai yako yote, halafu ukasemaje mbele ya watu?"

"Hapa hakuna maji, Athumani."

"Ulisema kanuni ni ya mkono. Hukusema kanuni ni ya maji. Mtumbwi ni nini? Ni kitanda cha mtoni. Mimi nakutafutia mtumbwi wa nchi kavu, unapelekwa nguzo hadi nguzo, unagonga kwa mkono wako mwenyewe. Kama haihesabiki, basi na mimi unishushe rasmi."

"Dalali mkubwa wewe. Nimekupa kazi, unanirudishia hesabu."

"Umekubali?"

"Kila nguzo?"

"Kila nguzo."

"Isirukwe hata moja."

"Ikirukwa moja, nigonge mimi hiyo nyundo kichwani. Utasikia kama ni ko au bu."

"Hiyo naijua bila kugonga," akasema, na hapo nikajua tumekubaliana.

Nikaenda nyumba ya karibu kuazima kitanda cha kamba. Mama mwenye nyumba akauliza cha kumbebea nani. Mzee, nikasema. "Amekufa?" "Bado anabishana." "Basi hajafa," akasema, akaniitia mwanawe na majirani, wanaume wanne wa kutosha mabegani.

Sikuwa nimefikiria jambo moja. Huku kwetu wanaume wanne wakipita na kitanda mabegani, na mtu amelala juu yake kafunikwa shuka kwa ajili ya jua, watu hawaulizi. Wanasimama. Wanaume wanaacha walichokishika, wanakuja kupokea, hatua chache kila mmoja, ili wapate thawabu zao. Basi tulipotoka Mitwero tulikuwa sita, na kila tulipokwenda tuliongezeka. Watu wakawa wanapokezana kimyakimya, vichwa chini. Mmoja akaninong'oneza, "Marehemu ni nani?"

"Nassoro," sauti ikajibu kutoka chini ya shuka. "Simameni. Nguzo."

Mwanamume yule aliiachia kona yake akakimbilia kwenye shamba la mihogo. Kitanda kiliyumba, wengine wakakidaka, na Fundi Nassoro akatoa mkono wake mrefu, akagonga. Ko. "Twende," akasema. Waliobaki walitazamana, wakacheka, wakaendelea kubeba, na sasa hakuna aliyetaka kupokewa. Kila nguzo wakawa wanasimama wenyewe kabla hajasema, na ikijibu ko wote wanaitikia "Naam!" kama darasa la watu wazima.

Tuliingia Lindi tukiwa umati. Bi Zuhura alikuwa dirishani. Alipokiona kitanda na shuka na watu wale wote alishika kichwa kwa mikono miwili. "Athumani! Umemuua mzee!"

"Bado anagonga!" nikapiga kelele.

Mafundi wote walitoka bandani. Tukafika nguzo ya mwisho. Fundi Nassoro akanyoosha mkono apige kofi kama desturi, lakini kati ya kitanda na nguzo palikuwa na mtaro, na wabebaji hawakuweza kusogea zaidi. Kiganja hakikufika. Akajaribu tena, hakikufika. Basi akanyoosha nyundo, akagonga.

Bu.

Akagonga chini zaidi. Bu.

"Nguzo hii," akasema, "nani aliigonga mara ya mwisho?"

Tukaangaliana. Mmoja alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

"Mimi nimekaa nayo hapa tangu nianze kazi," Bi Zuhura akasema dirishani. "Makofi nimeyaona mengi. Nyundo ndiyo leo."

Hapo tukaelewa wote kwa pamoja. Kila mmoja wetu aliyewahi kukalia gurudumu alikuwa amegonga nguzo zote za Kilwa na Lindi, za vilimani na za bondeni, halafu akafika kwenye hii na kuipiga kofi, akakimbilia chai. Nguzo haikuhama, na haikuwahi kugongwa. Kwa kanuni yake mwenyewe Fundi Nassoro, hata ile laini ya zamani iliyogeuka kuni hakuna aliyeimaliza, wala yeye.

Nilimwogopea. Lakini kitanda kilianza kutikisika, na wabebaji wakaanza kubabaika, na kumbe anacheka. Mtu ambaye hakucheka tako langu moja alicheka siku ile mpaka akapaliwa. "Miaka yote tunautafuta ubovu Mbwemkuru," akasema, "na wenyewe unatukaribisha chai."

Nikaona nafasi, nikanyoosha mkono. "Fundi, mimi mwaka ule nilibakiza hii moja tu. Nipe nyundo niigonge, tumalizane."

Akanipa. Nikagonga. Bu.

"Nimemaliza?"

"Nguzo imesemaje?"

"Bu."

"Na ikisema bu tunafanya nini?"

"Tunaibadilisha."

"Basi hujamaliza. Lete sururu."

Bi Zuhura akamwambia aingizwe bandani, gurudumu linamngoja. Akasema nguzo kwanza. Tukamweka kivulini na kitanda chake, akawa anatoa amri, na mafundi wote tukachimba jioni ile, waliomaliza na wasiomaliza. Tulipoilegeza ile nguzo haikuanguka. Ilining'inia. Ndani ilikuwa unga mtupu wa mchwa, na kwa muda tusioujua si nguzo iliyokuwa inaushika waya, waya ndio ulikuwa unaishika nguzo. Tukasimika mpya, tukashindilia udongo, tukakibeba kitanda hadi karibu yake, safari hii kwa upande usio na mtaro. Fundi Nassoro akagonga. Ko. Akanipa nyundo nami nikagonga. Kisha mafundi wote, mmoja mmoja, wakapanga foleni na nyundo zao. Hakuna aliyepiga kofi.

"Assalaam alaykum, Lindi," akasema Fundi Nassoro.

"Waalaykum salaam," Bi Zuhura akaitika, na sauti yake haikuwa ile ya mitambo. "Chai ipo. Imechemka mara ya tatu."

Tukampandisha juu ya gurudumu, goti tukaliwekea ndoo. Sisi wengine tukabaki tumesimama. Akaniangalia, akasogea, akapiga ubao kando yake. "Kaa, Dalali. Yote mawili."

Nikakaa. Alikuwa ameniachia upande wa msumari.

Basi kijana wa stoo, jawabu lako ndilo hilo, na wiki iliyopita nilikupa nusu yake bila kukueleza. Unakumbuka nilifika getini nikarudi, nikaazima kwako ile nyundo niliyokuwa nimeshakukabidhi, ukanishangaa. Nilikwenda kwenye nguzo iliyopo sasa dirishani pale, ingawa Bi Zuhura hayupo na dirisha limewekwa pazia. Nikagonga usawa wa goti, nikazunguka, upande wa kivulini nikagonga zaidi. Ilijibu ko pande zote. Ndipo nikakurudishia nyundo yako. Ilikuwa moja tu, lakini nilikuona, uliihesabu mara mbili.